Kiti Kando ya Mama Mkwe

Watu walimcheka Mama Apolline siku ile, na waache wacheke, maana hata yeye angemcheka mwingine. Mwanamke wa shamba, anayebishana na muuza chumvi sokoni Kasongo mpaka muuzaji anaomba amani, leo analipa nyongeza ili apande ndege kabla ya wenzake! Ndege ile ile, rubani yule yule, mawingu yale yale.

"Mama, wa kwanza na wa mwisho si munafika Kindu pamoja?" alimuuliza Souleymane, muuza vitenge, ambaye alikuwa amekalia bunda lake uwanjani anangoja kama wengine.

"Wa mwisho hafiki," alijibu Mama Apolline. "Wa mwisho anabaki hapa anatupungia mukono."

Hapo hakusema uongo. Kindege kinachotoka Kasongo kwenda Kindu mara moja kwa wiki ni kidogo, na wenye nacho wana tamaa, wanauza tikiti nyingi kuliko viti. Viti vyenyewe havina namba. Aliyewahi anakaa, aliyechelewa anarudishwa nyumbani na mzigo wake, anaambiwa wiki ijayo, Mungu akipenda. Ndipo wakabuni ile wanayoiita priorite: unaongeza pesa, unafungwa utepe mwekundu mkononi, unaitwa mbele ya watu. Wajanja wale! Wanakutengenezea shida kwanza, halafu wanakuuzia dawa yake.

Lakini Mama Apolline hakulipa kwa maringo. Binti yake Chimène alikuwa hospitalini Kindu na mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni, na daktari alikuwa ameamua kumpasua Ijumaa asubuhi. Siku ile ya ndege ilikuwa Alhamisi. Grâce, wifi yake Chimène anayemuuguza huko, alikuwa amepiga simu mwanzoni mwa wiki.

"Mambo iko mawili, mama," alisema. "Damu ya Chimène ni ya shida kupatikana, hapa hawana. Lakini Magloire anayo ile ile, tulijua walipopimwa kabla ya ndoa. Afike. Na wewe pia ufike, kwa sababu Chimène amekataa kuingia kwenye chumba cha kupasuliwa mpaka akuone kwa macho. Anasema bila mama haingii, hata wamufunge kamba."

Basi ikawa hivyo: mume alete damu, mama alete moyo. Akifika mmoja bila mwenzake, kazi bure. Barabara nayo ilikuwa imeliwa na mvua, na daraja limekwenda na maji. Ilibaki ndege ile tu.

Magloire alitoka Salamabila, anakonunua dhahabu kwa wachimbaji, akaendesha pikipiki kwenye tope lote la Kabambare, akatokea uwanjani amepakwa udongo kuanzia viatu mpaka kope. Tikiti alipata, ya mwisho. Utepe hakupata, ulikuwa umekwisha. Alikimbilia mstari wa watu wasio na utepe, akashika nafasi nzuri kabisa, karibu na mbele. Ndipo alipogeuka akamwona mama mkwe wake.

Sasa, kwa watu wa kwao Mama Apolline, mkwe ni haya tupu. Mwanamume hakai mkeka mmoja na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hasimami mbele yake, hampi kitu mkononi, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Na akiikanyaga haya hiyo wakati mke ana mimba, ubaya wake haumrudii yeye, unamrudia mke. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote wawili, na wote wawili waliamini.

Kwa hiyo Magloire alifanya nini? Alitoka mstarini, akarudi nyuma ya watu watatu. Mama Apolline alihema kwa hasira, akasogea pembeni ampishe. Magloire akaona mama mkwe anamkaribia, akarudi nyuma tena. Jamani! Kijana mwenye adabu kama yule utampata wapi, na adabu yenyewe inataka kumwua mke wake.

Mama Apolline alikuwa na kuku kikapuni, wa kumfanyia Chimène mchuzi. Akainama juu ya kikapu.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "kuna mutu hapa anarudi nyuma kama kaa. Umuambie asimame pale pale aliko!"

Magloire alisikia kwamba mama mkwe amekasirika. Akaona hapa pamenishinda, akaenda kusimama mwisho kabisa, ameinamisha kichwa. Mama Apolline nusura alie.

Wakapimwa mmoja mmoja kwenye mizani, na mizigo yao, kisha Hippolyte, mtu wa tikiti, akaita wenye utepe. Mama Apolline alikuwa wa kwanza. Souleymane akamwimbia kutoka chini, "Aliye juu mungoje chini!" na watu wakacheka tena. Yeye hakugeuka. Alipanda ngazi, akaingia, akaona viti vyote vitupu ni vyake kuchagua, na hapo hapo akili ikamjia. Akachagua benchi la nyuma la watu wawili, karibu na mlango. Akaketi upande mmoja, na upande wa pili akatandaza kitenge chake, akaweka kikapu cha kuku juu.

"Hapa iko mutu," alimwambia wa kwanza aliyetaka kukaa.

"Mutu gani, mama? Namuona kuku."

"Iko mutu, nimesema. Pita mbele."

Akamfukuza huyo, na aliyefuata, na aliyefuata. Mwanamke mmoja alimwita mchawi, akamjibu kwamba mchawi asingelipa, angekuja na ungo wake. Ndege ikajaa. Mzee Amuri, mwenye duka karibu na msikiti mkubwa, alipata kiti cha mbele yake. Chini walibaki watu wachache wakigombana na Hippolyte, Souleymane akiwa wa kwanza wao na Magloire wa mwisho.

"Kimebaki kimoja!" alipiga kelele Hippolyte. "Mama, ondoa kuku, Souleymane apande."

"Hapa ni pa yule kijana wa tope kule nyuma! Mimi nimelipa kupanda wa kwanza, na nimemushikia!"

"Ulilipa yako, mama, hukulipa ya mwingine."

"Basi njoo unitoe!"

Hippolyte alipima mikono ya Mama Apolline kwa macho, mikono ya jembe ile, akaona haifai kujaribu. Souleymane naye aliuliza kijana mwenyewe ni nani na ana haraka gani. Alipoambiwa ni mke yuko hospitalini anangoja damu, aliacha kucheka. Aliketi tena juu ya bunda lake. "Apande," alisema. "Kitenge hakiozi."

Magloire akaja mbio mpaka kwenye ngazi, akaweka mguu wa kwanza, akachungulia. Akaona kiti. Akaona kando ya kiti kuna nani. Akashusha mguu.

Na hapo ndipo Mama Apolline alipoelewa alichokifanya. Maskini! Katika kupigania kiti, hakuwa amefikiria hata kidogo kwamba kiti chenyewe ni cha kugusana mabega. Alikuwa amemshikia mkwe wake nafasi mahali pekee duniani ambapo mkwe wake hawezi kukaa.

"Nani abadilishane na mimi?" aliuliza.

Rubani aligeuka huko mbele. Hapana, alisema, uzito umeshapangwa, watu wameshafungwa mikanda, na mvua ile inayotoka upande wa Lualaba haimsubiri mtu. Akawasha injini. Hippolyte akashika mlango.

"Kijana, unapanda ao hupandi?"

Magloire alikuwa analia waziwazi. "Muambieni mama," alisema akitazama ardhi, "si kiburi. Naogopa kwa ajili ya Chimène. Nikikaa pale nitamuua kwa mukono wangu. Na nisipokaa nitamuua vilevile."

Mama Apolline naye aliogopa. Mila ile alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na bibi. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Chimène alikuwa kule amelala anatazama mlango. Haya ya mkwe huondolewa, hilo kila mtu wa kwao analijua: mtoto wa kwanza akizaliwa, mkwe huleta zawadi kwa mikono yake mwenyewe, mama huipokea kwa mikono yake, mzee anashuhudia, basi, wanakuwa mama na mwana. Hakuna aliyewahi kuiondoa kabla ya mtoto kuzaliwa. Hakuna pia, aliwaza Mama Apolline, aliyewahi kusema ni marufuku.

Akafungua mkanda, akasimama mlangoni, akamtazama mkwe wake usoni.

"Magloire!"

Watu wote wakageuka, maana hata wa mjini walijua jina lile halikupaswa kutoka katika kinywa kile.

"Lete zawadi."

"Mama, sina kitu. Nimetoka mbio…"

"Lete chochote! Hicho kilicho kichwani!"

Magloire akavua kaske yake, kofia ile ngumu ya pikipiki, imejaa tope, kioo chake kimepasuka. Akaishika kwa mikono miwili, akaiinua. Mama Apolline akainama, akaipokea kwa mikono yake miwili, vidole vyao vikagusana.

"Mushahidi iko wapi?" aliuliza akigeukia ndani. "Nataka mzee!"

Mzee Amuri akanyanyuka kadiri mkanda ulivyomruhusu. "Mimi si wa ukoo wenu," alisema, "lakini hizi mvi zangu ni za Kasongo, na mambo yenu nayajua. Nimeona ametoa, nimeona umepokea. Mwenyezi Mungu naye ameona. Mutoto, panda, usitucheleweshe!"

Mwanamke yule yule aliyemwita mchawi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Ndege nzima ikaitikia, na huko chini Souleymane akapiga makofi mpaka bunda likaanguka. Magloire akapanda. Akaketi kando ya mama mkwe wake, goti kwa goti, bega kwa bega, na mlango ukafungwa.

Kaske haikuwa na mahali pa kuwekwa. Mama Apolline akaivaa. Akaruka angani hivyo, kuku mapajani, kofia ya pikipiki kichwani, na ndege ilipotikiswa na upepo alikuwa mtu pekee aliyejisikia yuko salama. Magloire alikuwa amejibana ukutani asimguse. "Kaa vizuri," Mama Apolline alimwambia, kama mama anavyomwambia mwanawe, bila kupitia kwa mtu wala kuku. "Damu unayobeba si yako peke yako."

Walifika. Magloire alilazwa, akatolewa damu jioni ile ile. Mama Apolline aliingia kwa Chimène, akamshika mkono, hakuuachia mpaka asubuhi, na asubuhi akamsindikiza hadi kwenye mlango wa chumba cha kupasuliwa. Chimène aliingia kwa miguu yake, hakufungwa kamba. Walipomtoa, damu ya mumewe ilikuwa inashuka polepole kwenye mpira, inaingia mkononi mwake, na daktari akasema isingekuwa hiyo wangekuwa wanazungumza maneno mengine sasa. Mama Apolline alipiga magoti pale pale kwenye korido, akamshukuru Mungu kwa Kizimba, lugha ya kwao, kwa sababu Kiswahili kilikuwa hakimtoshi.

Chimène alifungua macho mchana. Kitu cha kwanza alichokiona ni benchi kando ya kitanda chake. Juu ya benchi walikuwa wamekaa wawili, mume wake na mama yake, wamebanana, na mama yake anamnywesha mume wake chai ya sukari kwa kijiko, anamgombeza amalize kikombe.

Chimène akafumba macho tena, machozi yakamtoka.

"Grâce," alinong'ona, "nimekufa."

"Umekufa wapi?"

"Nawaona mama na Magloire kwenye benchi moja. Ni mbinguni tu kunafanyika hivyo."

Mama Apolline alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Akaweka kikombe chini.

"Hujakufa, mwanangu! Uko Kindu, na uko na mutoto wa kike mwenye sauti kama yangu. Na wewe Magloire, sogea huko nipite, nimulete."

Akamsukuma kwa kiwiko, mbele ya watu wote, akaenda kumchukua mjukuu wake.