Mdogo wa Mapacha

Mashindano yale yalikuwa wazo la Akpene, mwoka mikate wa Aflao, mji wa Ghana mpakani na Togo. Ndiye aliyesimama kanisani akasema watoto wa Ghana, Togo na Benin wasiozidi miaka kumi na minne wacheze mpira pamoja, na wageni walale majumbani mwa watu, wale chungu kimoja na wenyeji.

Asubuhi ya fainali, Folly, kocha wa Togo, alikuwa amekaa kibarazani kwa Akpene, alikofikia. Wana mapacha wa Akpene, Atsu na Etse, walikwisha kwenda uwanjani na jezi za Aflao. Wafupi, wembamba, asiyewajua angewapa miaka kumi na minne. Ndiyo aliyowapa Akpene mbele ya kamati, maana Aflao ilikuwa haijawahi kushinda.

"Edo," Akpene aliita bila kufikiri, "mletee mgeni maji."

Akaja kijana wa sauti nzito, ndevu zimeanza kuchungulia kidevuni. Folly alimwaga tone chini kwa ajili ya wahenga, akanywa. Naye alikuwa wa kabila la Waewe, kama wenyeji wake. Alijua Edo ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha.

"Edo, unawafuata akina nani?"

"Atsu na Etse, kaka."

"Ahaa. Na hizo ndevu, waliokutangulia bado hawajaziota?"

Edo akacheka. Alipomtazama mama yake, akaacha.

Akpene alihisi uso unawaka. Usiku alikuwa amepiga magoti kumwomba Mungu ushindi huu huu.

"Dada," alisema Folly, "nimekula kwako, sitasema neno. Lakini vijana wangu wanalala chumba kimoja na Edo. Tangu juzi wanawaita mapacha wako wazee wa kanisa. Nikadhani utani."

Kumbe watoto walijua. Akpene alijifunga kitambaa kichwani, akaenda uwanjani.

"Watoe wanangu," alimwambia kocha wa Aflao.

"Mama, tutafungwa."

"Wana miaka kumi na saba. Nilidanganya."

Hakunong'ona, na waliokuwa karibu waligeuka. "Na mashindano ni yake mwenyewe," mwanamke mmoja alisema. Atsu alivua jezi, akampita mama yake kama anavyopita mti.

Aflao ilifungwa mabao manne. Kombe hutolewa na mwenye wazo. Akpene alimsihi Folly atafute mtu mwingine.

"Hapana, dada. Njoo ulitoe."

Nahodha wa Togo alilipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama," alisema, kwa adabu kabisa. Akpene akamjibu huku akitazama viatu vyake mwenyewe.