Vichwa vya Jumatatu

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, wanawake waliozoea kusukwa kwa Mama Kitana kila mwisho wa mwezi walianza kupita mlangoni kwake wamejifunga vitambaa kichwani, wakisalimia kwa mbali kama watu wenye haraka. Mama Kitana hakuwa mtoto mdogo. Alijua hawakuwa na pa kuharakia; walikuwa wanakwepa tu kuulizwa.

Siku moja akamvuta mmoja ndani, akamkalisha kwenye kigoda, akamsuka mistari ya kulala nyuma. "Haya, nenda katafute kazi na kichwa cha mtu," akamwambia. Hakutaka malipo. Alikusudia huyo huyo mmoja. Jumatatu iliyofuata wakaja wanne. Mvua zilipoanza walikuwa kumi na wawili, na Jumatatu nzima ikawa yao.

Mgongo ukaanza kumsema. Asubuhi vidole vilikakamaa mpaka avikande kwa maji ya moto ndipo vikubali kushika kitana. Na wateja wa kulipa nao vyuma vilikuwa vimewakazia. Wiki nyingine walipatikana watatu, wiki nyingine mmoja, tena wa kusukiwa mtoto.

Mdogo wake, aliyekuwa akiosha vichwa kwenye beseni pale pale saluni, alichoka kunyamaza.

"Dada, kwani wewe ni serikali?"

"Serikali ingekuwa imeshafunga mlango."

"Basi funga na wewe! Hao watu wana miguu, watajua njia ya kwingine."

Mama Kitana aliendelea kukanda vidole vyake. Ukweli ni kwamba naye alikuwa akiwaza kufunga, ila hakujua angemwambiaje mtu aliyekwisha kukaa kwenye kigoda kwamba bure imekwisha jana.

Kati ya hao wa Jumatatu alikuwepo Mama Pacha, aliyeshona vifungo kiwandani miaka tisa. Wenzake wakikaa walipiga soga, wakamsema meneja mpaka masikio yamuwashe huko aliko. Yeye alikaa kimya, kioo cha mkononi kakishika, anajitazama upande huu na upande ule. Mama Kitana alidhani ni majivuno, akamwacha. Kila baada ya wiki mbili alirudi akitaka mtindo mwingine: mara mistari ya kuzunguka, mara ya kukutana utosini.

"Usaili mwingine?"

"Ndiyo, dada."

"Mungu atafungua."

Alhamisi moja Mama Kitana alikwenda sokoni kununua nywele za bandia. Nyuma ya maduka, chini ya turubai la buluu, akamwona Mama Pacha ameketi, kichwa cha mtu katikati ya magoti yake, vidole vinakimbia. Watatu walikuwa wakingoja. Mmoja wao ni mke wa mwenye duka la dawa, yule yule aliyemwambia mwezi uliopita kwamba ameacha kusuka kwa sababu ya hali ngumu.

Mama Pacha alipoinua macho, kitana kilimponyoka.

"Dada…"

"Endelea. Usimwache mwenzio na nusu kichwa."

Mke wa mwenye duka la dawa alianza kukagua viatu vyake. Mama Kitana akageuka kuondoka, lakini Mama Pacha alimkimbilia, akamkuta penye mtaro.

"Umeniibia huku nimekushika kichwa," Mama Kitana alisema. Hata sauti haikupanda.

"Nikifika nyumbani nilikuwa nafumua polepole, nione ulivyopita. Halafu nawasuka wanangu. Wamelia mpaka nikajua."

"Si ungeniambia nikufundishe?"

"Ulikuwa unanipa bure, dada. Ningefungua mdomo kuomba na kingine? Niliona aibu."

"Na kuiba hukuona aibu?"

Mama Pacha alifuta mikono yenye mafuta kwenye kanga. "Niliona. Ila watoto wamekula."

Mama Kitana alijikuta anataka kukaa chini tu, hapo hapo kando ya mtaro. Alirudi bila nywele alizofuata. Mdogo wake aliposikia alipiga makofi: "Nilisema mimi! Nilisema!" Wakakubaliana Jumatatu mlango haufunguliwi.

Jumatatu ikafika. Walikaa ndani, komeo limewekwa, wakiwasikia wale wa nje.

"Labda anaumwa."

"Haumwi. Tumemchosha."

"Mie nina usaili saa nne, jamani."

Hata hivyo hawakuondoka. Mama Kitana akaondoa komeo. Hakufungua kwa wema. Kuwasikiliza kulimchosha kuliko kuwasuka.

Mwisho wa foleni alisimama Mama Pacha, kigoda chake mkononi. Mdogo mtu akajiweka mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe unakuja kuchukua nini tena?"

"Sikuja kusukwa. Nimekuja kusuka."

Wote walimtazama Mama Kitana. Yeye alikitazama kile kigoda, mpaka mwenye usaili akakohoa.

"Weka kigoda chako pale kwenye mwanga," alisema hatimaye. "Njia zako zinapinda. Niliziona Alhamisi."

Walifanya kazi mgongo kwa mgongo, bila soga. Mara mbili Mama Kitana alinyoosha mkono akamfumulia mstari, akauanza upya mwenyewe, na Mama Pacha akautazama safari hii bila kioo. Adhuhuri ilipofika, chumba kilikuwa kitupu. Mdogo mtu alimwaga maji ya beseni, akasema angalau sasa dada yake atapumua.

Jumatatu iliyofuata walikuja ishirini na mmoja. Habari ilikuwa imeenea kwamba wasusi sasa ni wawili. Mke wa mwenye duka la dawa alibaki mteja wa turubai, na jambo hilo Mama Kitana hakulisahau. Yeye na Mama Pacha hawakuwa mashoga. Walisalimiana, wakagawana foleni, na jioni kila mmoja akaenda zake akijishika kiuno.