Kiti cha Wabajuni

Toronto nzima hakuna anayeijua bahari kuliko Bi Somoe. Atakwambia mwenyewe, kidevu juu, na kabla hujamaliza kustaajabu atakuongezea kwamba kuogelea hajui, na kwamba tangu avikimbie visiwa vya Kismayu, maji anayoyakoroga ni ya ndoo ya deki, katika ofisi za watu.

Jumapili hiyo ya mwaka 2013 alikuwa amekalishwa mbele kabisa, katika ukumbi wa kukodi huko North York, buibui limenyooshwa kwa pasi, kiti cha plastiki kinamfinya. Huko kwao vita vilikuwa vimepoa kidogo, na jimbo jipya limeundwa lijitawale. Viti vya baraza vikagawanywa kwa makabila, kama nyama ya akika: wakubwa wamejichukulia mapaja, na Wabajuni, watu wachache wa visiwani waliotawanywa na bunduki, wametupiwa ubavu. Kiti kimoja.

Na Mbajuni wa kukikalia alikuwa Liban.

Liban hakuwa Mbajuni hata ukucha. Alikuwa wa kabila la wenye bunduki. Lakini miaka kumi nyuma, alipoomba hifadhi Canada, wajuzi wa mitaani walimwambia Wabajuni ndio wanaohurumiwa. Basi akaja jikoni kwa Bi Somoe, mtaa wa Jane and Finch, na pakiti ya tende na machozi ya kweli. "Mama, wakinirudisha nitauawa." Bi Somoe hana moyo wa jiwe. Majira mazima ya baridi alimfundisha: majina ya visiwa, nyimbo za harusi, namna ya kula samaki bila kumgeuza. Akampa hata kisa cha mwanawe, Almas, alivyofundishwa na babake kuvua kasa kwa chazo, yule samaki anayefungwa kamba mkiani akaachiwa, akamganda kasa mgongoni mpaka avutwe. Siku ya kwanza Almas alimwonea kasa huruma, akaikata kamba. Akala kofi.

Liban akakisimulia mbele ya afisa, kana kwamba kofi lile lilikuwa la shavu lake. Akakubaliwa.

Mwaka uliofuata akafika Almas mwenyewe, kutoka Mombasa, alikokulia katika kambi ya wakimbizi. Akasimulia kisa chake. Afisa akasema kisa hicho ameshakisikia, kimekaririshwa. Na Kiswahili cha kijana huyu ni cha Mombasa. Mkenya, huyo. Akarudishwa Kenya, na Kenya nao wakasema si wao. Sasa anabeba magunia soko la Kongowea, na akiona polisi anaacha gunia anakimbia.

"Khalati," Liban alimnong'oneza pale ukumbini, akimwita kama aitwavyo dada wa mama.

"Khalati tangu lini? Jana nilikuwa mama. Kesho utaniposa."

Liban akacheka, jasho likimtoka. "Mjumbe wa jimbo yule pale. Anataka mzee wa Kibajuni asimame aseme mimi ni damu yenu. Sema tu, Almas apate pasipoti ya nchi yake. Na nyumba yako ya Kismayu irudi."

"Ile wanayokaa ami zako?"

"Watahama."

"Na nikisema wewe ni mwizi?"

"Kiti atapewa mwingine, wa kwetu vilevile." Akamshika mkono, kwa upole hasa. "Na Canada wataniuliza nani alinifundisha. Tutazama sote, mama, na Almas atabaki na magunia yake."

Akapanda jukwaani. "Siku ya kwanza marehemu baba aliponipa chazo," akaanza. Alisimulia vizuri, mpaka kasa, mpaka kofi. Watu wakapangusa macho. Bi Somoe naye akapangusa. Muda mrefu alikuwa hajamsikia mwanawe akizungumza.

Mjumbe, mwenye suti na tumbo la kuituliza tai, akamgeukia. "Mama, kijana huyu unamjua?"

Bi Somoe akasimama. Magoti yakalia.

"Namjua. Mtoto wa dadangu. Dada wa tumbo moja, ziwa moja."

Makofi yakapigwa. Mjumbe akamkumbatia Liban, simu zikainuliwa kupiga picha.

Ndipo kule nyuma akainuka bibi mmoja mwenye fimbo, Bi Mwanakombo wa kisiwa cha Chovai, aliyeletwa na wajukuu zake kutoka mtaa wa Parkdale. Hakuwa na ubaya wowote. Uso ulimng'aa kwa furaha ya kuona mtu wa kwao.

"Somoe! Ni wewe? Mamangu mimi ndiye aliyemzalisha mamako! Alikuzaa wewe peke yako, uzazi ukakoma, mpaka akawa anakufunga kitambaa usipotee. Sasa huyu dada katoka wapi, mwanangu?"

Makofi yakafifia, meza moja moja. Liban akatazama viatu vyake.

Mjumbe alikuwa bado anatabasamu. "Anaitwaje, mama, huyo dada?"

Bi Somoe akafungua kinywa, na ukumbi mzima ukangoja amzae.