Boriti Iliyoshuka

Nilikuwa nimekaa juu ya nguzo, mfuko wa bolti kiunoni, nikiisubiri boriti ya mwisho ya jengo letu pale Cleveland. Kama ilivyo desturi ya mafundi vyuma jengo linapofika kileleni, tulikuwa tumeipaka rangi nyeupe, tukaifunga bendera na mti mdogo wa msonobari, kisha kila mmoja wetu akaandika jina lake ubavuni. Colleen, mwanagenzi wangu, ambaye chama chetu cha wafanyakazi kinamfundisha kazi huku akilipwa, aliandika jina la marehemu baba yake: Hruska, fundi vyuma kama sisi.

Wageni waliokuja kwenye sherehe, mama yake Colleen akiwa miongoni mwao, walipiga makofi kreni ikiipandisha boriti. Mimi nikaona alama ya rangi kwenye ncha ya boriti, ambayo siku zote hukaa kaskazini, inaelekea kusini. Matundu ya bolti ya boriti na ya nguzo hayakukutana.

"Nani kaifunga hii?" nilifoka kwenye redio.

"Mimi," Colleen akajibu. "Niliigeuza ili mama alione jina toka huku chini."

"Basi ataliona likishuka."

Kikosi kizima kilisikia. Boriti ikateremka mbele ya wageni, bendera ikipepea, na makofi yakakatika. Colleen aliigeuza mwenyewe, uso umemwiva, bila kumtazama mtu. Safari ya pili ikakaa barabara, jina likaelekea ndani, ambako ukuta utalifunika.

Niliposhuka nilimkuta mbele ya mama yake, kainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama."

"Jina nimeliona, mwanangu," mama akasema, akimfuta vumbi shavuni. "Lakini baba yako angetazama alama kwanza."