Zima Sauti Huko kwa Mgonjwa

Saratani ilishaingia uti wa mgongo wa Fundi, mwashi aliyewahi kubeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo. Sasa hata shuka likimgusa analia. Zamani daktari wa zahanati alikuja mwenyewe na muuguzi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Tangu ianze mikutano ya video, muuguzi huja peke yake na simu.

Asubuhi ile aliiegemeza simu kwenye jagi. Kiooni akatokea daktari wa zahanati, na kando yake bingwa wa maumivu wa hospitali kuu, asiyewahi kumtia Fundi machoni.

"Tumwongezee mofini," alisema daktari.

"Nani alimwanzishia dozi hii?" aliuliza bingwa.

"Mimi."

"Ndiyo maana."

Fundi akapiga yowe. Bingwa akakunja uso. "Dada, zima sauti huko. Hatusikilizani."

Muuguzi akazima.

"Umemzima nani?" aliuliza mke wa Fundi.

"Watamaliza sasa hivi, mama."

Hawakumaliza. Kila mmoja alivutia kamba upande wake: mgonjwa ni wa nani, nani aliamua bila kumwuliza nani. Chupa ya dawa ilikuwa mapajani mwa muuguzi, lakini hakuwa na ruhusa ya kuongeza hata tone bila amri yao. Mke akaisogelea simu, akawaambia, "Baba watoto anateketea, nyie mnagombea ukubwa."

Bingwa aliona midomo tu. Akadhani anasalimiwa, akampungia mkono.

Muuguzi aliinua kidole airudishe sauti. Akawaza watakavyomkemea mbele ya mama huyu, akakishusha.

Mwishowe wakakubaliana aongezewe mofini, kama alivyosema daktari mwanzoni.

"Ushirikiano mzuri sana," bingwa alisema, akaondoka.

Fundi alikuwa amejiuma ulimi, mto umelowa damu. Alipewa dawa, akalala.

Wiki iliyofuata mke alimsubiri muuguzi mlangoni. "Wewe karibu, mwanangu. Hiyo simu ibaki nje."

"Mama, dawa haimtoshi tena. Bila wao siwezi kumwongezea."

"Basi watajua wenyewe huko."

"Haya, mama. Lakini atakayeumia ni yeye."

Mama alisimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango, mpaka Fundi alipoanza kulia ndani. Ndipo akasogea pembeni, akampisha muuguzi na simu yake.