Idhini ya Bujema

Ijumaa, siku moja kabla ya sikukuu ya Wafaransa ya mwezi wa Julai, mafundi wawili walipaka chokaa kuta za ndani za ofisi ya vizazi na vifo mjini kwetu, mashariki ya Aljeria. Chokaa ilitoka kwenye tanuri la mlimani, lile ambalo mwezi wa Mei, vita vya Ulaya vilipokwisha, liliwaka siku kumi mfululizo ingawa hakuna aliyekuwa akijenga. Ilikuwa nyeupe kuliko ya mwaka uliotangulia na ilikauka upesi. Jumatatu asubuhi karani Lavini alipofungua ofisi, ukuta wa nyuma ya meza yake ulikuwa unakohoa.

Lavini alisikiliza kidogo, akafungua madirisha, akakaa kuandika. Kufikia saa nne ukuta wa pili nao ulikuwa umeanza. Zilikuwa sauti za wanaume karibu zote, zikikohoa kwa zamu kama watu wanaosubiri kwa daktari. Kwenye daftari la matengenezo Lavini aliandika neno moja: unyevu.

Habari zilimfikia Zuwina bombani. Jirani yake Khukha, aliyekuwa akideki ofisi ile, alitua ndoo akasema, "Bujema wako yuko kwa Lavini."

"Wapi kwa Lavini?"

"Ukutani, baina ya kabati na dirisha. Mbili fupi, moja ndefu."

"Wanaokohoa hivyo ni wengi."

"Ndefu kama mtu anayeburuta kiti, Zuwina. Miaka kumi na tisa nimelala ukuta kwa ukuta na kikohozi kile. Mume wangu naweza kumsahau, yule simsahau."

Bujema, mume wa Zuwina, alikuwa mshona matandiko ya farasi, na vumbi la ngozi na sufu lilikuwa limemkaa kifuani. Jumanne moja ya mwezi wa Mei alitoka na wenzake kuandamana nyuma ya bendera ya Aljeria, iliyokatazwa. Wengine walipigwa risasi palepale. Yeye alirudi nyumbani na kula chakula cha jioni. Siku ya nne wanamgambo wa walowezi walimfuata dukani. Mmoja wao alikuwa mteja wake. Walimwambia avae viatu, wakampakia kwenye lori lililoelekea mlimani. Tangu hapo Zuwina alikuwa amekwenda polisi, kambini na kwa Lavini, na kote alisomewa mstari uleule: ameondoka, hajulikani alipo.

Alifika ofisini siku hiyohiyo. Aliweka kiganja baina ya kabati na dirisha. Chokaa ilikuwa na joto kidogo.

"Ni mimi," alisema.

Ukuta ulikohoa, mbili fupi, moja ndefu. Bujema hakuwa mtu wa maneno mengi hata dukani.

"Fatma," alisema Lavini, ambaye aliwaita hivyo wanawake wote wa Kiislamu, "ukuta wa serikali hauegemewi."

"Mume wangu yumo humu, bwana. Niandikie cheti cha kifo nikae eda."

"Cheti kinataka maiti, au mashahidi wawili walioiona."

"Humsikii?"

"Nasikia unyevu."

Mwezi wa Agosti kuta zilipakwa rangi ya mafuta, ya manjano. Wanaume waliendelea kukohoa chini yake, sasa kwa sauti ya kukwaruza. Wanawake walizoea kuja Jumatatu, kila mmoja akisimama mahali pake. Bibi mmoja aliukaripia ukuta wake, alimokuwa mwanawe: "Punda wako nimempa binamu yako, na usininunie. Wewe hukuwa unamlisha." Lavini alihamisha meza yake hatua mbili, ili wapate pa kupita.

Zuwina alikuwa na binti mmoja, Hadda, wa miaka kumi na minane. Alikuwa ameposwa tangu majira ya baridi na Mabruk, fundi wa magurudumu. Sasa Mabruk alikuwa amepata kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe Ufaransa, na meli yake ilikuwa inaondoka mwisho wa Septemba. Zuwina alikwenda kwa kadhi, Sheikh Tijani, kuomba ndoa ifungwe kabla ya hapo.

"Bujema angekuwa amekufa, ningemwoza binti mimi mwenyewe," alisema kadhi. "Ndugu zake wote nao hawapo. Lakini kitabu cha serikali kinasema yu hai. Siwezi kumwoza binti wa mtu aliye hai bila kumwuliza."

"Basi mwulize, sheikh. Yuko kwa Lavini."

"Nimesikia hivyo." Kadhi alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la joho. "Ila fikiri kwanza, binti yangu. Akiitikia, atakuwa ameitikia mtu aliye hai. Mume aliyepotea mke humsubiri miaka minne, kisha akakaa eda. Wako hatakuwa amepotea tena. Sitakuandikia eda mwaka huu, wala baada ya miaka minne."

Zuwina alirudi nyumbani. Hadda alikuwa anachambua dengu. Alisimuliwa yote, akasema, "Nitasubiri, mama."

"Utasubiri nini? Mpaka makaa yawaishie Wafaransa?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshaolewa," alisema Zuwina, akachukua sinia la dengu akamsaidia.

Alhamisi asubuhi walikwenda ofisini: kadhi, Mabruk aliyenyolewa vizuri, mashahidi wawili, Zuwina na Hadda. Khukha alikuwa amekwisha kudeki na sakafu ilikuwa bado mbichi. Walipojipanga mbele ya kabati, wanaume wengine wote ukutani walinyamaza.

"Bujema mwana wa Saidi," alisema kadhi, "unamwoza binti yako Hadda kwa Mabruk?"

Lavini aliinua kalamu yake kwenye karatasi. Hadda aliutazama ukuta.

Mbili fupi, moja ndefu.

"Amekubali," alisema kadhi. Mabruk aliubusu ukuta, kwenye usawa wa bega, kama inavyompasa mkwe.

Lavini aliandika kwenye kitabu cha ndoa: baba wa bibi harusi yupo, ametoa idhini. Kisha alifungua kitabu kingine, akalikata kwa rula neno hajulikani, na pembeni akaandika anwani ya ofisi.

Zuwina hakujua kusoma, lakini aliiona rula ikipita.

"Bwana, umeandika kwamba yuko hapa?"

"Nimeandika."

"Basi andika na aliyemleta."

Lavini alikausha wino. "Hapa tunaandika anayezaliwa, anayeoa na anayekufa," alisema. "Mengine ni ya polisi."

Polisi walikuja Jumamosi, kwa kuwa sasa anwani ilikuwa inajulikana. Askari wawili walivua kofia zao na kuusomea ukuta shtaka la kuandamana chini ya bendera iliyokatazwa. Ukuta ulikohoa. Waliandika kwamba mshtakiwa amekiri. Wiki iliyofuata hakimu alimhukumu Bujema miaka mitano, aitumikie hapohapo alipo, na kwenye dirisha zikawekwa nondo.

Mabruk alipanda meli. Hadda alibaki na mama yake akingoja barua. Wasichana wengine watatu nao waliozwa kwa njia ileile, na bibi wa punda aliomba mwanawe aulizwe kuhusu mgawanyo wa shamba. Kila mmoja ukutani aliyeulizwa alijibu, na kila aliyejibu alisomewa shtaka. Kufikia majira ya baridi wote walikuwa wamekiri.

Zuwina alipewa kadi ya mke wa mfungwa, inayomruhusu kuja mara moja kwa mwezi. Siku ya kwanza ya kuitumia alisimama kwenye foleni mvuani, na kisahani cha dengu chini ya shela. Askari wa mlangoni aliitazama kadi, akamtazama uso, akamwambia chakula hakiruhusiwi, na ana dakika kumi.

Zuwina aliweka kisahani chini kando ya mlango, akaingia.