Kontena Lililovuka Ziwa

Watoto wawili wa Oyet, dereva wa trela, wana majina mazuri ya ubatizo, lakini mtaani kwao Kasese hakuna anayeyatumia. Wa kwanza anaitwa Malaba, maana alizaliwa baba yake akiwa kwenye foleni ya malori kule mpakani. Wa pili ni Mariakani: siku aliyozaliwa Oyet alikuwa kwenye mizani ya malori, karibu na Mombasa, akibishana juu ya uzito wa trela. Majirani walicheka, naye alicheka nao, ila ilimuuma kweli. Mkewe Ayaa alipopata mimba ya tatu, Oyet aliapa kuwa safari hii atakuwepo.

"Huyu tutamuita Mombasa kabisa," Ayaa alimjibu, akaendelea kuchambua maharage.

Ilikuwa 2018, meli ya mabehewa imeanza tena kuvuka ziwa. Oyet akashuka Bwera, mpakani, kwa bosi wake Kiconco, mama anayepitisha mizigo ya Kongo. Kontena la mashine za kahawa lilikuwa linakuja, la tajiri mmoja wa Beni, huko Kongo.

"Madam, hii isipite Mombasa. Ishukie Dar es Salaam, treni iilete Mwanza, meli iivushe mpaka Port Bell. Mimi niichukue hapo Kampala tu."

"Ikichelewa, ule mutu ya Beni atanikimbia."

"Ikichelewa, niondoe kwenye trela."

Kiconco akakubali. Sasa ndipo Oyet alipokosa usingizi. Alipiga simu Mwanza kila siku, mpaka karani wa huko akawa anamuita Baba Malaba. Mtaani wakamuuliza kama lori lake limejifunza kuogelea. Lakini kontena lilifika Port Bell salama, akalipakia, akalifikisha Bwera kabla ya mavuno, kahawa ikiwa bado kwenye miti. Tajiri wa Beni alicheka meno yote nje.

"Sasa zote itapita huko," alisema Kiconco. "Enda nyumbani."

Oyet alikuwa jikoni kwake anakoroga uji Ayaa aliposhika ukuta kwa uchungu. Hakungoja gari la mtu. Alimpandisha kwenye kichwa cha trela, wakakwea bonde la Kilembe hadi hospitali huku Malaba na Mariakani wakipunga mikono barabarani.

Majirani walipokuja kumuona mtoto, Naome wa nyumba ya pili akauliza, kama kawaida yake, baba alikuwa wapi.

"Hapa," alisema Ayaa. "Alinishika mkono mpaka nikamwambia alegeze."

Mtoto yule anaitwa Edisa, jina lake la ubatizo, na mtaa mzima unamuita hivyo hivyo.